Kadi ya mbwa wako iko wapi?

Leo naomba tuanze na swali ambalo pengine hujawahi kuulizwa kanisani. Kama una mbwa nyumbani, kadi yake ya chanjo iko wapi? Sikuulizi kama alichanjwa. Nauliza karatasi yenyewe iko wapi sasa hivi, wakati unasoma gazeti hili. Kama unaweza kuinuka na kuishika mkononi ndani ya dakika moja, mshukuru Mungu, kisha endelea kusoma kwa ajili ya jirani yako. Lakini kama itabidi umuulize mama watoto, naye ampigie simu kijana aliyeko shule ya bweni, basi kaa chini. Maneno haya ni ya kwako.

Nataka twende wote hadi Mpemba. Wasomaji wa Songwe mnapafahamu. Ni kata ya mji wa Tunduma, kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, pale inapochepuka barabara ya lami ya kwenda Isongole wilayani Ileje, mpakani na Malawi. Ukisimama Mpemba una mpaka mbele yako na mpaka mwingine ubavuni. Malori yanapita usiku na mchana, watu wanakuja na kuondoka, na mwenye duka, mwenye ghala la mahindi na mwenye nyumba ya kawaida wote wanapenda kuwa na mbwa anayebweka mgeni akikaribia. Mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara.

Sasa jiweke pale, msomaji wangu. Ni saa mbili usiku. Umeme umekatika. Mbwa wako, tumwite Popi, amefunguliwa kutoka bandani kama kawaida. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, ametumwa na mama yake kuja kuomba chumvi kwako. Amezoea kupita uani, lakini leo kuna giza na anakimbia kwa sababu anaogopa giza. Popi anamrukia. Unasikia kilio kimoja, unatoka na tochi ya simu, unamkuta mtoto amekaa chini ameshika mguu na damu inachuruzika hadi kwenye kandambili.

Mama yake anafika mbio. Majirani wanakusanyika. Mmoja ana fimbo, mwingine ana panga, na wote wanataka kumuua Popi. Katikati ya kelele hizo mama wa mtoto anakugeukia na kukuuliza swali moja tu: “Baba, mbwa huyu amechanjwa?”

Hapo ndipo yanapokutana mambo mawili ambayo kwa kawaida hatuyaweki pamoja: makaratasi na dhamiri.

Maana jibu rahisi ni “Amechanjwa, mama, usiwe na wasiwasi.” Jibu hilo linatoka mdomoni haraka kwa sababu umeogopa, umeona aibu, na huyu ni jirani mnayeimba naye kwaya moja. Pengine hata si uongo kamili. Unakumbuka kweli kwamba siku moja afisa mifugo alipita mtaani, watoto wakampeleka Popi akiwa amefungwa kamba, akachomwa sindano, wakarudi na kikaratasi. Lakini ilikuwa mwaka jana au mwaka juzi? Na alikuwa Popi huyu, au yule wa kabla yake aliyegongwa na gari? Hujui. Nawe unasema, “Amechanjwa.”

Msomaji wangu, neno hilo moja likimfanya yule mama ashushe pumzi, amfunge mtoto kitambaa na kwenda kulala, linaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Nitakueleza kwa nini. Kichaa cha mbwa kinaletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama aking'ata, kirusi kinaingia kwenye kidonda na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Wakati huo wote mtu anakula, anacheza, anakwenda shule. Anaonekana mzima. Lakini dalili zikishaanza, akaanza kuogopa maji, kushtuka kwa upepo na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Ni miongoni mwa magonjwa yanayoua karibu kila anayefikia hatua hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na kung'atwa na mbwa, na katika kila waathirika kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Na bado ugonjwa huu unazuilika. Jeraha likioshwa mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, sabuni yoyote, hata ya kipande ya kufulia, sehemu kubwa ya hatari huondolewa. Mtu akifika hospitali mapema na kuanza sindano za kinga, akazimaliza zote kwa tarehe alizopangiwa, anapona kabla hajaugua. Mwaka 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimpeleka mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, hadi Paris kwa Louis Pasteur, akiwa na majeraha mengi ya kung'atwa na mbwa. Chanjo ilikuwa haijawa jambo la kawaida kwa binadamu. Mtoto yule aliishi hadi utu uzima, na baadaye alifanya kazi kwenye taasisi ya Pasteur. Sisi leo tuna chanjo iliyo bora kuliko ile. Tunachokosa mara nyingi ni haraka na ukweli.

Basi turudi Mpemba. Tuseme umefanya vyema. Umemkamata Popi na kumfungia bandani. Mmemwosha mtoto jeraha, mmepanda bajaji, mmefika kwenye kituo cha afya. Mhudumu anamwangalia mtoto, kisha anakugeukia wewe mwenye mbwa. Maswali yake si ya kukusumbua. Mbwa ni wa nani? Yuko wapi sasa? Amechanjwa lini? Nani alimchanja? Amebadilika tabia siku hizi? Alichokozwa, au aling'ata tu? Amewahi kung'ata mtu mwingine?

Tuelewane vizuri hapa, maana watu wanakosea. Kadi ya chanjo ya mbwa haimzuii mtoto kwenda hospitali. Hata mbwa awe na kadi iliyogongwa muhuri mara tano, aliyeng'atwa anaoshwa jeraha na kupelekwa kwa mhudumu wa afya. Uamuzi wa sindano ni wa mhudumu, si wako wewe wala si wa jirani mwenye uzoefu. Kadi inamsaidia mhudumu kupima hatari kwa kutumia tarehe na jina badala ya kumbukumbu ya mtu anayetetemeka.

Na mbwa mwenyewe ni sehemu ya kumbukumbu hizo. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mbwa aliyeng'ata, ikiwa anaweza kufungiwa salama, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 na afisa mifugo aarifiwe. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyong'ata ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima siku ya kumi, basi hakumwambukiza mtoto siku ile, na daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Yule jirani mwenye panga alikuwa anakaribia kuchoma faili lenye jibu la swali la mama. Mbwa akifa au akilazimika kuuawa, mzoga usitupwe wala kuzikwa kimyakimya. Mwarifu afisa mifugo, maana ugonjwa huu unathibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama maabara.

Watu wa Tunduma hamhitaji mahubiri marefu kuhusu uzito wa karatasi. Mnaishi nao. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, mambo mengi yamekuwa mepesi, lakini dereva wa lori bado anajua kwamba mzigo mzuri usio na karatasi ni mzigo uliosimama. Anaweza kuwa mkweli na mzigo wake ukawa halali. Ofisa atamtazama kwa huruma, kisha atamwambia asogee pembeni. Wakati huohuo mbwa koko anavuka kutoka Nakonde hadi Tunduma bila kuulizwa na mtu, akarudi, akavuka tena. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakijui mpaka. Kwa hiyo sisi tunaokaa mpakani tunahitaji kumbukumbu za mbwa wetu kuliko mtu wa mahali pengine.

Biblia nayo inajua habari ya karatasi iliyokosekana. Fungua kitabu cha Ezra, sura ya pili, mstari wa 61 hadi 63. Watu wanarudi kutoka uhamishoni Babeli, na kila ukoo unaorodheshwa. Kuna koo tatu, wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai, zilizosema ni za makuhani. Zikatafuta orodha yao ya nasaba na hazikuiona. Maandiko hayasemi kwamba walikuwa waongo. Pengine walikuwa makuhani kweli, na babu zao waliwasimulia hivyo usiku kucha huko ugenini. Lakini andiko halikuonekana, na liwali akawaambia wasile vitu vitakatifu hadi atakapopatikana kuhani wa kuuliza kwa Urimu na Thumimu. Nimesoma mistari hiyo mara nyingi nikiiruka, kama wengi wetu tunavyoyaruka majina magumu. Siku hizi nasimama hapo. Unaweza kusema kweli na bado ukashindwa kuithibitisha, na atakayeumia si wewe peke yako.

Kisha fungua Yeremia sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii yuko kifungoni. Katika hali hiyo ananunua shamba huko Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, kwa shekeli kumi na saba za fedha. Anafanya kila kitu kwa utaratibu: anaandika hati, anaweka mashahidi, anapima fedha kwenye mizani. Halafu anamwagiza Baruku achukue hati mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Mji unakaribia kuanguka, na mtu wa Mungu anashughulika na mahali pa kutunzia karatasi. Kwa Yeremia hilo lilikuwa tendo la imani. Aliamini kesho ipo, na kwamba mwenye kuja kesho atahitaji kusoma kilichoandikwa leo.

Nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, ndani ya chombo kisichopitisha maji. Mpendwa, sijaona ushauri mzuri kuliko huo kwa mwenye mbwa.

Hebu tuufanyie kazi. Nakala ya kwanza ni kadi au cheti chenyewe cha chanjo. Kiweke kwenye folda ya plastiki, na folda hiyo ikae pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho na kadi za bima, kwenye begi moja ambalo kila mtu mzima wa nyumba anajua lilipo. Usiifiche chini ya godoro wala usiichomeke ndani ya Biblia, maana Biblia utaibeba kwenda ibadani na kadi itaangukia njiani. Nakala ya pili ni picha. Chukua simu yako leo, piga picha kadi mbele na nyuma, itumie kwa mwenzi wako na kwa mtu mmoja anayeishi nyumba nyingine: shemeji, dada, mzee wa kanisa. Simu hupotea na nyumba huungua, lakini si rahisi nyumba mbili na simu tatu kupotea usiku mmoja.

Ndani ya folda hiyo weka pia ukurasa mmoja ulioandika kwa mkono wako, hata kama umechana kwenye kaunta buku la mtoto. Andika jina la mbwa, jinsia, rangi na alama zake: sikio lililokatika, doa jeupe kifuani, mguu mwenye kovu. Andika alizaliwa lini au alifika kwako lini, na kutoka wapi. Bandika picha yake, maana mbwa wa rangi ya udongo wako wengi na mhudumu hawezi kujua kama kadi ni ya huyu au ya ndugu yake. Andika tarehe ya kila chanjo, jina la chanjo na namba iliyo kwenye chupa yake, jina la aliyechanja, na tarehe ya kurudia. Kwa kawaida chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka, isipokuwa mtaalamu akikupangia vinginevyo. Kumbuka pia kwamba mbwa akichanjwa kwa mara ya kwanza leo, kinga haijengeki leo. Huchukua wiki kadhaa, ndiyo sababu tarehe ni muhimu kuliko neno “amechanjwa”.

Endelea kidogo. Andika lini alipewa dawa ya minyoo na lini aliogeshwa dawa ya kupe. Andika magonjwa aliyopata, dawa iliyomdhuru, na kama amehasiwa. Andika mtu yeyote aliyewahi kung'atwa naye na tarehe yake. Najua hili ni gumu, maana ni kuandika aibu yako mwenyewe, lakini liandike. Mwisho, weka namba za simu: ya afisa mifugo wa kata, ya kituo cha afya, ya mwenyekiti wa mtaa, na ya mtu atakayemlisha mbwa wako ikibidi usafiri ghafla.

Hilo la mwisho usilione dogo. Dharura ya mbwa si kung'ata tu. Kuna usiku atakaokula sumu ya panya iliyowekwa ghalani, na daktari wa mifugo atataka kujua uzito wake na dawa alizopewa karibuni. Kuna siku utakayougua wewe, ukalazwa Vwawa au Mbeya wiki tatu, na kijana wa jirani ndiye atakayeshika kamba ya Popi bila kujua kama anamwogopa au amwamini. Na kuna asubuhi kama ile ya tarehe 3 Desemba 2023 kule Katesh, chini ya Mlima Hanang, maporomoko ya tope yalipoua zaidi ya watu 80 na kufagia nyumba za watu na vyote vilivyokuwemo. Katika siku kama hizo hakuna mwenye nafasi ya kupekua kabati. Kilichoko kwenye begi moja mlangoni ndicho kinachotoka.

Pengine unasema moyoni: haya yote kwa ajili ya mbwa? Swali zuri. Wengi wetu tulikua tukimwona mbwa kama mnyama wa uani, asiyeingia ndani wala kwenye maombi. Lakini Mithali 12:10 inampima mtu mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Mithali 27:23 inamtaka mfugaji aijue hali ya mifugo yake, na kuijua si kukisia. Wale wanaosoma kitabu cha Tobiti wanajua kwamba kijana Tobia alipofunga safari na malaika, mbwa alikwenda nao. Sheria za nchi yetu nazo hazikunyamaza: tunayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kisha kuna Kutoka sura ya 21, mstari wa 28 na 29, ambako sheria ya Musa inazungumzia ng'ombe aliyempiga mtu pembe hadi akafa. Ikiwa ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, basi damu iko juu yake. Angalia sheria inavyotofautisha watu hawa wawili. Kinachowatenga ni kile mwenyewe alichojua, na alichokifanya baada ya kujua. Kuandika ni njia ya kujua. Yule asiyeandika kwa makusudi ili asiulizwe, tayari anajua.

Sasa narudi kwa lile swali la mama usiku wa giza. Kama kadi unayo, lete kadi. Kama huna, au huna uhakika, Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu na siyo yetu vitoshe bila kuongezewa kitu. Basi sema hivi: “Mama, sina uhakika. Tumchukulie kama hajachanjwa. Twende hospitali sasa hivi, mimi naenda nawe.” Maneno hayo yanauma. Yatakugharimu nauli, pengine na fedha za sindano, na sura yako mbele ya watu. Lakini yatamfikisha mtoto kwa mhudumu kabla ya kirusi kufika kwenye ubongo wake. Na sindano zikianza, tunza na kadi ya mtoto pia. Iweke kwenye folda ileile, hesabu tarehe pamoja na mama yake, na siku ya sindano inayofuata ubishe hodi asubuhi. Wengi huanza vizuri, kisha kidonda kikikauka wanaona yamekwisha.

Kesho yake tafuta afisa mifugo. Hali ya Popi ikisharuhusu, baada ya zile siku 10, achanjwe upya na uanze kumbukumbu mpya. Hakuna aibu ya kuanza upya. Kuchanja mbwa ambaye pengine alishachanjwa hakumletei madhara. Kumwacha ambaye pengine hakuchanjwa ndiko kwenye hatari.

Nina neno moja pia kwa makanisa. Wenzetu wa kisiwa cha Pemba, hao ambao jina lao linafanana na la kata yetu, wametuonyesha jambo. Walianza kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016 kikarudi, kwa kuletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa. Hawakukata tamaa. Walichanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 walikuwa wamekiondoa mara ya pili. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini utajuaje kama mtaa wako umefikia saba, ikiwa hakuna aliyeandika?

Hapa ndipo jumuiya zetu zinapoweza kusaidia. Tunaandika mahudhurio, tunaandika michango ya harusi hadi shilingi ya mwisho, tunaandika nani hajalipa ahadi ya jengo. Tunashindwaje kuandika ni nyumba ngapi kwenye jumuiya yetu zina mbwa, na wangapi wana kadi? Dunia imeweka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na nchi nyingi zimekubaliana kutaka vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa viishe ifikapo mwaka 2030. Mchungaji, padri, mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili: mpigie afisa mifugo wa kata, uliza chanjo ni lini, na uisome kwenye matangazo baada ya ibada. Wafundishe watoto wasimkimbie mbwa, wasimchokoze anapokula au anaponyonyesha, na wakikwaruzwa au kung'atwa, hata kidogo, wamwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchapwa, na mzazi hawezi kuwahi hospitali kwa jeraha asilolijua.

Mpendwa msomaji, tunamwamini Mungu ambaye Maandiko yanasema ana vitabu, na ambaye Yesu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Mungu asiyeweza kusahau bado amechagua kuandika. Sisi tunaosahau kila siku tuna sababu gani ya kutoandika?

Kabla jua halijazama leo, fanya mambo matatu. Itafute kadi. Ipige picha na kuituma kwa mtu mmoja. Kama haipo, andika namba ya afisa mifugo kwenye karatasi, na kesho Jumatatu mpigie. Kisha nenda bandani umwangalie yule mlinzi wako asiyedai mshahara. Yeye hawezi kujieleza. Usiku watakapomjia na mapanga, na mama akiuliza kwa sauti inayotetemeka, wa kujibu kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto ni wewe.

Tuombe: Bwana, umetukabidhi watoto, majirani na wanyama. Utupe bidii ya kutunza yaliyo madogo, na ujasiri wa kusema kweli tunapoogopa. Uwalinde watoto wa Mpemba, wa Nakonde na wa kila mtaa wenye giza usiku huu. Amina.